Ofisa Aliyeegemea Muringa

Kabura alikuwa ameinama katikati ya nduma zake, yale magimbi ya bondeni, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu, gari la ofisi liliposimama juu ya mteremko na kumshusha Griffins Mwai. Griffins alikuwa amevaa viatu vya mjini. Aliutazama mteremko, akavitazama viatu, akaamua kumwita bibi huyo kutoka huko huko juu.

"Cucu! Tumekuja kwa ule mti!"

"Mti gani?"

"Hiyo kubwa. Kwani chifu hakukuambia?"

Chifu alikuwa amemwambia, tena barazani mbele ya watu. Mgogoro wenyewe ulianza kwa mayai. Nchi yetu ilikuwa imeyarudisha mpakani mayai ya nchi jirani, kwa sababu zilizotangazwa kuwa ni za kiafya, na nchi jirani ikajibu kwa kuzuia mbao zake zisivuke. Zilikuwa mbao nyepesi za msonobari, na karibu kila paa jipya kutoka Kiriaini hadi Nanyuki lilikuwa limesimama juu yake. Haukupita muda makanisa yakabaki kuta tupu na mafundi wakaanza kucheza drafti mchana kutwa. Serikali ilipoulizwa itajibu vipi, ilisema nchi yenye mlima kama wetu haiwezi kutishwa na mbao. Ikaagiza kila kijiji kitoe mti mmoja mkubwa kwa ajili ya taifa.

Mti mkubwa wa kijiji cha Kabura ulikuwa muringa uliosimama mwisho wa shamba lake. Babu wa marehemu mumewe alipofyeka msitu ili apate pa kulima, aliuacha huo mmoja, kama walivyofanya Wagikuyu wote wa zamani. Waliofyeka walijua kwamba miti ina roho, na kwamba roho za miti iliyokatwa zisipoachiwa makao husumbua watu. Kwa hiyo waliacha mti mmoja wa kuzipokea. Ukija kutaka kuukata na huo, unaleta fimbo ya mti mwingine, unaiegemeza kwenye shina, unaziomba roho kwa adabu zihamie kwenye fimbo, kisha unakwenda kuiegemeza fimbo kwenye mti mpya. Ni kazi ya asubuhi moja. Msitu mzima uliokuwa pale zamani, kutoka mtoni hadi barabarani, ulikuwa unakaa ndani ya ule muringa, na chini ya mizizi yake ilitoka chemchemi iliyonywesha nduma za Kabura. Nduma hizo ndizo zilizosomesha watoto wake wote baada ya baba yao kufa.

Kabura mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, mweka hazina wa chama cha akina mama, na mambo ya roho za miti hakuyaamini hata kidogo. Alilisema hilo wazi kabisa. Alichotaka ni yafanywe tu.

"Nipatie mpaka Jumamosi," alimwambia Griffins. "Shemeji yangu Muchiri atoke Doldol. Yeye ndiye anajua kushika hiyo fimbo. Mimi siamini hiyo vitu, lakini sitaki maji yangu ipotee."

"Cucu, power saw imekodishwa ya leo. Na niko na ripoti ya kuandika."

Mvua ikaanza kunyunya. Wakataji miti walikuwa bado wananoa mnyororo wa msumeno wao ndani ya gari. Griffins aliteremka mbio, viatu na vyote, akasimama upande mkavu wa muringa, akauegemea kwa mgongo na kutoa simu yake.

"Wewe! Toka hapo!" Kabura alipiga kelele. "Usiegemee!"

Griffins aliona ni bibi mkali tu, na mabibi wakali alikuwa amewazoea tangu utotoni. Akabaki pale pale mpaka mvua ikaisha. Alihisi uzito fulani mabegani, akadhani ni koti limelowa. Kisha akapisha, mti ukakatwa, ukaanguka vizuri bila kuumiza mtu, na nchi ikawa imejibu.

Kesho yake asubuhi chemchemi ya Kabura ilikuwa imekauka. Ilikuwa imetokea Skuta, mtaa wa Nyeri mjini, ghorofa ya pili, chini ya kitanda cha Griffins.

Wa kwanza kujua alikuwa Zuena, mpika mandazi aliyeishi ghorofa ya chini yake. Alipanda ngazi akiwa na bakuli mkononi.

"Griffins, mto wako unadondokea kwa unga yangu."

"Pole, Zuena. Nimetafuta pa kufunga, sijaona."

"Basi uelekeze hata kwa ngazi."

Wakauelekeza kwenye ngazi. Mwisho wa wiki majirani walikuwa wanachota maji mlangoni kwao, sukumawiki zilikuwa zinaota kwenye viroba kila ghorofa, na mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi, kwa kuwa nyumba zake sasa zilikuwa na maji ya uhakika. Malalamiko yaliyobaki yalikuwa ya perere, wale wanyama wadogo wa juu ya miti ambao hupiga mayowe kana kwamba wanachinjwa. Griffins aliwaombea radhi kwenye kikundi cha simu cha wapangaji, na watu wakazoea.

Kazini vilevile mambo yalikwenda. Griffins alikuwa ofisa katika Ofisi ya Biashara ya Mipakani, Kanda ya Mlima, kanda ambayo haipakani na nchi yoyote, na ndiyo sababu katika miaka yote aliyofanya kazi hapo hakuna mkubwa aliyewahi kulishika jina lake. Sasa ukungu ulikuwa unamtoka kwenye kola kila asubuhi na kujaa chumba mpaka saa nne. Kulukulu, wale ndege wenye mabawa mekundu, walitua kwenye mabega yake na kuangusha mbegu juu ya mafaili. Nyuki walihamia mfuko wa ndani wa koti. Mkuu wake, madam Wendy Waithira, alimwomba tu akae mbali na mashine ya kuchapisha, maana unyevu ulikuwa unakunja karatasi. Ndovu mmoja alipofika getini akimtafuta, askari alimwandika kwenye kitabu cha wageni, na mahali pa sababu ya ziara akajaza "binafsi".

Mkutano wa wadau ukaitishwa katika hoteli moja mjini Nyeri kujadili nchi iendelee kujibu vipi. Mathenge, mwenye yadi ya mbao, alisema tusimame imara, hata miaka kumi, tusinunue ubao mmoja wa hao watu. Yadi yake ilikuwa imejaa mbao za hao watu, alizozinunua kabla ya mpaka kufungwa, na bei yake ilikuwa inapanda kila Jumatatu. Askofu ambaye kanisa lake halikuwa na paa alisema yeye pia yuko na taifa, ila taifa lifanye haraka. Mwanamke mmoja kutoka chama cha wafanyabiashara akapendekeza tujibu kwa kususia vitunguu vyao. Pendekezo likapigiwa makofi, wakaenda chakula cha mchana, na mpishi alipoulizwa vitunguu vya mchuzi vimetoka wapi, akasema ukweli. Watu walikula. Kuhusu vitunguu hakuna aliyesema tena.

Alasiri hiyo ndipo mtu mmoja kutoka makao makuu alipomtazama Griffins aliyekuwa ameketi nyuma, kwenye kivuli chake mwenyewe, na kuuliza kama amewahi kupimwa.

Akapimwa. Miti hupimwa unene kwenye usawa wa kifua, na kwa Griffins hilo lilikuwa rahisi kwa sababu kifua alikuwa nacho. Wataalamu walimzungushia utepe, wakapiga hesabu zao, wakakuta kwamba ofisa huyu ana msitu mkubwa kuliko ule uliooneshwa kwenye ramani ya eneo lote. Waziri akatangaza kwamba kiwango cha misitu nchini kimeongezeka kwa kipindi kifupi kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba nchi jirani sasa ijue inazungumza na nani. Griffins akapandishwa cheo. Akapewa dereva, na gari lenye nafasi juu kwa ajili ya ndege. Wakubwa wakaanza kumwita kwa jina, tena jina lote.

Hebu tumtendee haki Griffins. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuhitajika, na kuhitajika kunalewesha.

Kabura, wakati huo, alikuwa anatazama nduma zake zikilegea. Majani makubwa yalianza kujikunja kingoni, kisha yakalala chini kama nguo zilizoanuliwa. Alichimba kwa jembe mahali chemchemi ilipokuwa, akakuta udongo mwekundu mkavu na mizizi iliyokufa. Alilia hapo peke yake, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akanawa uso kwa maji ya kununua, akakata fimbo ya muringa mchanga uliokuwa umeota jirani na kisiki, akaenda Nyeri.

Askari wa getini alimzuia.

"Mama, hiyo ni mti."

"Hii ni fimbo."

"Siku hizi mti yoyote ikisafirishwa lazima iwe na kibali. Ni ile mambo ya majirani. Uko na kibali?"

Kabura hakuwa nacho. Akaiacha fimbo kwa ndovu, aliyekuwa bado anasubiri zamu yake, akaingia. Alimpata Griffins kwenye ofisi mpya, ukungu umejaa hadi magotini, na sauti ya maji ya Kabura ikisikika waziwazi mahali fulani nyuma ya kabati. Aliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha mtoto wake.

"Unanijua?" aliuliza.

"Nakujua, cucu. Wewe ni wa ule mti."

"Uko na kitu yangu."

"Ata mimi nimefikiria hivyo," Griffins alisema, na alikuwa anasema kweli. "Lakini sikuiba. Nilikuwa najikinga mvua tu."

"Sijasema umeiba. Nimesema uko nayo. Nduma yangu inakufa, Griffins. Sina kitu ingine. Uje Jumamosi, usimame kwa shamba asubuhi moja tu, tukuegemezee fimbo. Nimeshaona mti wa kuwapeleka. Halafu urudi kazi yako ukiwa mwepesi."

 Kulukulu mmoja alimdonoa Griffins sikio taratibu, naye akamsogeza kwa kidole, kama aliyezoea.

"Na nikirudi mwepesi," akauliza, "hii ofisi itakuwa yangu?"

Kabura alikuwa mtu wa kanisa, na hakutaka kumdanganya. "Hiyo sijui," akasema.

Hata hivyo Griffins aliahidi, na Jumamosi akaja. Lazima isemwe kwamba alikuja. Muchiri alikuwa amefika usiku kutoka Doldol, mzee mrefu mwenye koti la jeshi na meno machache, aliyekwenda huko kwa biashara ya mbuzi akahamia huko. Kabura alikuwa amepika mukimo. Aliomba kwanza kwa jina la Yesu, ili kila mtu aelewe msimamo wake, kisha akampisha shemeji yake.

Walimsimamisha Griffins kando ya kisiki. Muchiri aliiegemeza fimbo begani mwake, akavua kofia, akasema na miti kwa Kigikuyu, polepole, kama mtu anayewaamsha wageni. Aliwaambia kwamba nyumba yao ilibomolewa bila wao kuambiwa, kwamba huyu kijana aliwapokea bila kujua, wamshukuru, na kwamba sasa wamewekewa mahali pao wenyewe, wahame bila kugombana. Mambo ya aina hiyo.

Yakaanza. Ukungu ulipungua kwenye kola ya Griffins ukaifuata fimbo. Nyuki walitoka mfukoni kwa mstari. Kulukulu mmoja aliruka akatua kwenye ncha ya fimbo, akakaa sawasawa. Na pale chini, kwenye udongo mwekundu, maji yalitoka. Yalikuwa kidogo, ya kulowesha kiganja, kisha ya kujaza kikombe, kisha yakaanza kuteremka kuelekea nduma. Kabura alipiga magoti na kuyashika kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka.

Simu ya Griffins ikalia. Ilikuwa madam Wendy.

"Usishike," Muchiri alisema.

"Ni bosi yangu, mzee." Akashika. Madam Wendy alizungumza kwa sauti ya furaha, na kila mtu alisikia. Nchi jirani ilikuwa imekubali kuongea. Wao wenyewe, baada ya kuuza mbao miaka yote hiyo, walikuwa wamebaki na vilima vingi vitupu na mito iliyokauka, na walikuwa wamesikia habari za Griffins. Walikuwa tayari kufungua mpaka, mbao zipite, mayai yao yapokelewe, na wao wapewe ofisa mmoja wa kuishi mji mkuu wao kama mwakilishi wa kudumu. Walimtaka yeye. Pamoja na vyote alivyokuwa navyo.

"Kuna mtu hapo anakushika-shika?" madam Wendy aliuliza, akimsikia Muchiri bado anasema na miti. "Griffins, usiguswe. Wewe sasa ni mali ya taifa."

Griffins aliitazama fimbo iliyokuwa begani mwake. Akayatazama maji, ambayo sasa yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake vya mjini.

"Simama, kijana yangu," Kabura alisema kutoka pale chini. "Nakuomba. Imebaki kidogo tu."

"Cucu, elewa. Ni nchi imeniita."

"Na mimi je?"

Aliinua bega. Fimbo ikaanguka. Alipanda mteremko haraka, kulukulu akaruka kutoka kwenye fimbo akamfuata, nyuki nao, na maji yakarudi ardhini bila kelele, yakiacha mahali palipolowa pakikauka kwa jua. Dereva alishika mlango. Kabura alibaki amepiga magoti, akamtukana Griffins matusi ambayo mweka hazina wa akina mama hapaswi kuyajua, na Muchiri akageuka upande mwingine ili asisikie.

Mkataba ulisainiwa mpakani, kwenye hema, kukiwa na bendera mbili na bendi moja. Kifungu kilichohusu Griffins kilisema kwamba upande wa kwanza utaupatia upande wa pili ofisa mmoja pamoja na vinavyoandamana naye. Griffins alivaa suti mpya na alipendeza sana. Ndovu alivuka nyuma yake, pasipoti yake ikagongwa muhuri, na perere wakapiga mayowe yao wakati wa wimbo wa taifa wa nchi jirani, lakini wenyewe hawakukasirika. Magazeti ya pande zote mbili yaliandika kwamba upande wao ndio ulioshinda. Wachambuzi walisema hivi ndivyo nchi inavyopaswa kujibu, kwa utulivu, kwa kutumia ilicho nacho.

Mbao zikarudi, za bei nafuu kuliko kabla. Askofu akapaua kanisa lake na kumshukuru Mungu na wizara. Pale Skuta mto ulikauka, sukumawiki zikafa kwenye viroba, na kodi ikabaki juu. Mathenge alipoteza kidogo, akapata zaidi kwa kuwa wakala wa mbao mpya. Muringa wa Kabura ulikuwa umeletwa yadini kwake pamoja na miti mingine yote ya vijiji. Hakuna aliyekuja kuununua, kwa kuwa ni mti mzito na unataka fundi mwenye subira. Waliuviringisha kando, wakapanga juu yake mbao za kutoka nje ili zisishike unyevu.

Kabura aliandika kwa kila ofisi aliyoijua. Alijibiwa na moja, ambayo ilimshukuru kwa uzalendo wake na kumshauri achimbe kisima. Muchiri alikaa mpaka nduma ya mwisho ilipokauka, wakazing'oa pamoja, wakawapa ng'ombe mashina yaliyobaki, kisha akarudi Doldol. Mwaka uliofuata Kabura alipanda maharagwe pale bondeni. Yalitoa majani tu.

Siku moja ya soko alikwenda Kiriaini kununua chumvi na mafuta ya taa. Kwenye kona aliyokuwa akiuzia yeye zamani, msichana mmoja aitwaye Murugi alikuwa ametandaza gunia, na juu yake nduma kubwa, zambarau ndani, zilizonona kuliko zote alizowahi kuziona sokoni hapo.

"Hizi umetoa wapi?"

"Ni za nje, cucu. Siku hizi zinakuja na lori za mbao. Ati huko wamepata mto mpya, mkubwa, uko karibu na ofisi za mabalozi. Wanapanda mpaka barabarani." Murugi aliinua moja na kuikwangua kwa ukucha ili aone. "Onja, ziko na utamu ingine."

Alimkatia kipande kilichochemshwa. Kabura alikitia mdomoni, akakiacha hapo juu ya ulimi bila kutafuna, macho ameyafumba, mpaka Murugi akadhani bibi ameugua.

"Si nilikuambia ni tamu?"

"Ni tamu," Kabura alisema. Akafungua fundo la leso, akanunua mbili, akaomba apunguziwe, akaambiwa haiwezekani, kwa sababu siku hizi nduma zinalipiwa ushuru mpakani.